Maumbo Thelathini kwa Dakika Ishirini

Wamaza, tarehe 14 Januari 2024

Mounira mwanangu, binti ya kaka yangu,

Asalam aleikum. Barua hii ikukute wewe na baba yako Yakubu na wote wa nyumba muko wazima. Sisi huku tuko. Mupunga wa bondeni umetoka vizuri, ule wa juu ndege wamekula. Goti langu linauma siku za mvua, siku za jua linanyamaza. Rezo ya simu imekufa tangu munara ulipoanguka, njo maana naandika kwa mukono na kumupa Dady, yule motari wa kwetu, mwenye pikipiki, anayeshuka Kasongo kila akipata muteja. Na wale wa Ibrahim, wamekuja kwa baba yako kuongea mambo ya ndoa ao bado? Niambie.

Sasa maneno yenyewe. Daktari mukubwa wa zone ya afya alipita hapa kituoni ninapotibu. Kuna mradi unaotaka kuchagua waganga wachache wa vituo kama mimi, uwafundishe Kindu kutumia mikroskopu, kisha kila mumoja arudi kwake na mikroskopu yake. Unajua hali yangu. Mugonjwa akija na homa, nampima kwa vile vipimo vya haraka. Vikikwisha, nakisia tu. Mwaka uliopita nimekisia tangu masika mupaka kiangazi, na si wote niliokisia vizuri.

Lakini kuna mutihani, mwezi wa tano, huko kwenu Kasongo. Kifaransa siogopi, mambo ya magonjwa siogopi. Sehemu ya tatu njo inanitisha: maumbo. Vipande vya mistari, nukta nyeusi na nyeupe, mishale, kisha unaambiwa uchague umbo linalofuata. Maumbo thelathini kwa dakika ishirini. Daktari aliniachia ukurasa wa mufano. Nilikaa na swali moja tangu kumaliza kufua mupaka nikaitwa kula, na sijalipata.

Wewe unafundisha hesabu, na najua ulifanya mutihani wa namna hii. Nifundishe. Niko na miaka arobaini na saba, usinicheke.

Shangazi yako,
Faida


Kasongo, tarehe 29 Januari 2024

Shangazi yangu mupenzi,

Nimepokea barua yako mukononi mwa Dady, imelowa pembeni lakini inasomeka. Baba anakusalimia sana, dukani kuko sawa, amebadilisha bati la mbele. Mama alikuwa na mafua, amepona. Samaki wa Nyangwe wamekuwa wachache sokoni, tunakula sombe, majani ya muhogo, mupaka tumechoka nayo.

Sikucheki. Nilipofanya mutihani ule mara ya kwanza, nilifika swali la kumi na moja wakati wanakusanya karatasi. Nilikuwa naangalia umbo zima kama mutu anayeangalia picha ya harusi. Maumbo haya hayataki hivyo.

Fanya hivi. Usiangalie kila kitu pamoja. Chagua kitu kimoja tu ndani ya umbo, kile kinachoonekana upesi. Kwa mufano nukta. Jiulize: zinaongezeka ao zinapungua? Ukijua kwamba inayofuata lazima iwe na nukta nne, nenda moja kwa moja kwenye majibu, ufute yote yasiyo na nne. Mara nyingi matatu yanakufa papo hapo. Yakibaki mawili, chagua kitu cha pili: rangi, ao mushale unaelekea wapi. Si lazima uelewe umbo zima. Lazima tu ujue ni lipi linabaki.

Umbo linalozunguka: weka ncha ya kalamu ya kreyo kwenye pembe moja, ufuate pembe hiyo peke yake, usahau zingine. Yakiwa tisa ndani ya kisanduku, soma kwa mustari kwanza. Mustari ukikataa, soma kutoka juu kwenda chini. Mara nyingine umbo la tatu ni la kwanza na la pili yaliyowekwa juu ya mwenzake.

Ukurasa wako nimeujibu nyuma yake. Nimechora mengine ishirini. Jipime kwa saa, na uniandikie ulipofika.

Shangazi, salamu zako nimezifikisha kwa wote.

Mounira


Wamaza, tarehe 18 Februari 2024

Mounira mwanangu,

Wa aleikum salaam. Tuko salama. Jirani yangu Apolline, muke wa mwalimu Grégoire, amenipa kifurushi cha karanga, nakutumia nusu yake. Mumewe ananiazima saa yake ya mukononi ninapojipima, na yeye mwenyewe amekaa na maumbo yako akaacha kusahihisha kaye, madaftari ya wanafunzi wake. Apolline akasema, "Mama Faida, umeleta ugonjwa ndani ya nyumba yangu." Tulicheka.

Nimefanya yale ishirini yako. Nimepata kumi na sita, lakini kwa muda ambao wali uliungua. Mwalimu Grégoire aliniangalia nikifanya, akasema kosa langu si macho. Akasema, "Unang'ang'ania." Swali la nane lilinikataa, nikakaa nalo. Nilijua muda unakwenda. Sikuweza kuliacha.

Kuna jambo lingine. Mimi nayaona maumbo kama watu. Ile nukta nyeusi niliona inamufukuza ile nyeupe, nikangoja nione kama itamukamata. Jibu halikuwa hilo.

Nifanye nini? Miaka yote kazi yangu ni kukaa. Mwanamuke akija na uchungu, nakaa naye mupaka mutoto atoke. Siondoki katikati. Sasa munataka niondoke katikati.

Na hukunijibu habari ya Ibrahim.

Faida


Kasongo, tarehe 2 Marsi 2024

Shangazi,

Karanga zimefika, asante, na umushukuru Mama Apolline. Baba anasema mwaka huu Ramadhani itatukuta bado mvua. Darasani niko na watoto themanini na chaki ya kuomba.

Kumi na sita ni vizuri kuliko mimi mwanzoni. Mwalimu Grégoire amesema kweli. Kwa hiyo nakupa sheria moja, ndogo, lakini yenyewe njo inapitisha watu: maswali yote yana alama sawa. Lile gumu linalokula dakika tatu linalipa sawa na lile rahisi linalokula nusu dakika. Ukiliangalia, ukapumua pumzi tano za taratibu bila kupata njia, weka nukta ndogo pembeni na uruke. Ukifika mwisho, rudia yale yenye nukta. Dakika ya mwisho, jaza yote yaliyobaki, hata kwa kukisia, lakini uliza kwanza kama jibu baya linapunguza alama.

Na usiyafanyie hadithi. Nukta haimufukuzi mutu.

Nakutumia mengine thelathini. Kati yake nimeweka matano ambayo hata mimi sikuyaweza. Sitakuambia ni yapi. Kazi yako si kuyajibu. Kazi yako ni kuyatambua upesi na kuyapita.

Ibrahim ni muzima, nilimuona kwa mbali sokoni.

Mounira


Kasongo, tarehe 30 Marsi 2024

Shangazi,

Ramadhani inakwenda kuisha na sijapata neno kutoka kwako. Dady naye haonekani. Watu wanasema barabara ya huko imekatika, wengine wanasema gari limeanguka. Baba anaulizia kila motari anayetoka upande wa Kabambare. Andika mistari miwili tu, hata bila maumbo.

Mounira


Wamaza, tarehe 13 Aprili 2024

Mounira,

Idi mubaraka kwenu. Sisi tumeswali, tumekula. Niko muzima, mwambie kaka yangu asihangaike.

Gari liliangukia karibu na kwetu, siku ya soko. Fuso, na magunia ya mupunga, na watu juu ya magunia. Nilikuwa peke yangu na Déo, yule anayesafisha kituo. Wengine walipona. Wengine hapana. Tumezika. Daraja nalo lilikuwa limeharibika, njo maana Dady hakuweza kushuka.

Maumbo sijafanya. Yale thelathini yako juu ya kabati. Sina saa ya kujipimia sasa.

Nafikiri mutihani nitauacha, waende wengine wenye macho mapya. Na tafadhali usiniandikie tena neno lile la kuruka. Sitaki kulisoma.

Faida


Kasongo, tarehe 21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Sijui nianze namna gani. Dady alipoleta barua yako, nilimukalisha, nikamupa chai. Nikamuuliza, "Shangazi yangu ana nini?" Akaweka kikombe chini. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mounira, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nabeba watu."

Ameniambia yote. Kwamba watu walilazwa chini kwenye majani, wengi, na wewe ulipita kwa kila mumoja, ukagusa shingo, ukaangalia macho, ukamwambia Déo: huyu ndani, huyu angoje, huyu mufunge hapa. Kwamba mwalimu Grégoire alikuwa kati yao. Kwamba Mama Apolline alishika nguo yako na kulia, "Huyu, Mama Faida, huyu!" Kwamba uliangalia, ukatoa mukono wake kwenye nguo, ukapita. Dady anasema wale uliowapeleka ndani wako hai. Aliniambia na majina yao, na mumoja ni mwanamuke mwenye mimba ambaye bado anayo.

Sasa naelewa kwa nini huna saa.

Mimi nilikuandikia neno la kuruka kama mutu anayecheza. Sikujua litakukuta wapi. Sitalinganisha swali na mutu. Swali haliumii. Swali halina muke anayeshika nguo yako. Ukiacha umbo kwenye karatasi, umeacha wino, basi. Yale mambo mawili hayafanani hata kidogo, na ukiketi mbele ya karatasi ile, nakuomba usiyaweke pamoja.

Lakini siwezi kukuambia uache mutihani. Wewe njo ulisema umekisia masika yote. Ukiacha, masika ijayo utakisia tena.

Mimi nakuja kukungojea pale motari wanapofikia, siku moja kabla ya mutihani. Ukija, utalala kwetu. Usipokuja, nitarudi nyumbani, sitakasirika.

Nakutumia saa yangu. Mukanda ni mudogo, toboa tundu lingine.

Mounira wako


Wamaza, tarehe 2 Juni 2024

Mounira mwanangu,

Nimefika salama, goti limevimba kwa sababu ya njia. Nimekuta Déo amepaka chokaa ukuta wa mbele bila kuulizwa. Mupunga tumevuna. Mushukuru mama yako kwa kitenge.

Nilipokuwa kwenu, ulinipikia, ulinifulia, na hukuniuliza. Ulinisindikiza mupaka kwenye mulango wa mutihani, na nilipotoka ukasema tu, "Tukale." Nilishukuru sana kwa hilo. Sasa nakuambia.

Tulikaa kila mutu na meza yake. Bwana mumoja aliweka simu yake mbele, akasema anza. Niliuliza kwanza, kama ulivyonifundisha: jibu baya linapunguza? Akasema hapana. Wengine wakaniangalia kama nimemutukana.

Sita ya kwanza yalikwenda kama maji. Nukta, rangi, mushale, nafuta, naendelea. La saba lilikuwa mistari inayopishana, haikuzidi wala haikupungua, haikuzunguka. Nilipumua pumzi zangu tano. Hakuna. Na hapo, mwanangu, nilisikia nguo yangu inavutwa. Niligeuka kweli, nikaangalia nyuma. Ilikuwa muti wa kiti tu, umenasa nguo.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Musichana wa meza ya jirani aligeuza ukurasa, njo sauti hiyo ilinirudisha. Nikajiambia kwa mudomo, sauti ndogo: ni wino. Nikaweka nukta pembeni, nikapita. Niliruka mengine manne na hayakunifanya kitu. Nilifika mwisho, nikarudi, nikapata mawili kati ya yale niliyoruka. La saba sikulipata. Nilichagua jibu, basi. Mupaka leo sijui kama lilikuwa lenyewe.

Niliporudi hapa nilipumzika siku moja, kisha nikaenda kwa Apolline. Tangu mazishi hakunisalimia. Tukikutana kwenye maji, alikuwa akiweka ndoo yake chini na kungoja nipite. Nilimukuta anapepeta mupunga. Hakusimama.

Nikasema, "Apolline, nimekuja."

Akasema, "Ulinipita."

"Nilikupita."

"Kama ungesimama, angepona?"

"Hapana."

"Ulijua vile?"

"Nilijua. Kifua kilikuwa kimevunjika ndani. Kama ningejua angepona, ningesimama."

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Ungeniambia. Neno moja tu. Ulitoa mukono wangu kama unatoa majani kwenye nguo."

Ni kweli, Mounira. Muda wa kusimama haukuwepo, lakini wa neno moja ulikuwepo. Nilimwambia hivyo. Alisogeza kigoda kwa muguu wake, nikaketi, nikachukua ungo wa pili. Tulipepeta mupaka mupunga ukaisha. Nilipoondoka alisema, "Kesho kuna mwingine." Nimekwenda kila siku tangu hapo.

Faida


Kasongo, tarehe 23 Juni 2024

Shangazi,

Asalam aleikum. Naandika nikiwa nimesimama dukani kwa baba, Dady ananingoja na pikipiki imewashwa.

Wametangaza! Karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya zone. Jina lako ni la tano, na wanachukua sita. Baba ameisoma mara mbili, akaenda kumwita mama, wakaisoma tena. Kisha akaanza kuwaambia wateja ambao hawakumuuliza. Unatakiwa Kindu kabla ya Julai kuisha. Baba atalipa safari, usibishane naye.

Nimesoma habari ya Mama Apolline. Nililia kidogo, kisha nikaenda kufundisha.

Na wewe umeniambia lako, basi na mimi langu nisikufiche. Ibrahim ameoa. Mwezi wa kwanza, Nyangwe, binti ya rafiki ya baba yake. Wakati unaniuliza mara ya kwanza, harusi ilikuwa imekwisha pita. Ulipolala kwetu, niliwaomba wote wasikuambie. Nilikuwa nachora maumbo yako kila siku baada ya masomo, ishirini, kisha thelathini, kwa sababu ukiwa unahesabu nukta huwezi kufikiri kitu kingine. Yale matano nisiyoyaweza niliyachora wiki ile niliyomuona sokoni na muke wake. Sitaki unihurumie. Niko sawa sasa, nakula, nalala.

Beba koti, Kindu asubuhi kuna ukungu wa mto.

Mounira


Kindu, tarehe 11 Agosti 2024

Mounira mwanangu,

Nakusalimia kutoka Kindu. Tumelala wanawake watatu katika chumba kimoja, mumoja anakoroma. Chakula ni kizuri. Kituo changu kule Wamaza anakishika muganga kijana waliyemutuma, na Déo anamuonyesha mahali pa kila kitu. Apolline alinifungia chakula cha njia. Alisema tu, "Rudi."

Sitakuhurumia, umekataa. Nasema tu kwamba barua zako zote nilizisoma vibaya. Nilikuona mwalimu mukali, kumbe ulikuwa mutu anayejifunga tumbo ili asilie. Nikirudi nitapitia kwenu, na wewe utakaa, mimi nitapika.

Sasa nikuambie jambo la kuchekesha. Mwenye kutufundisha hapa ni mama mumoja, Dieudonnée, mufupi, sauti yake ni ya chini sana. Siku ya kwanza alinipa kioo chenye tone la damu, akasema nitafute malaria. Niliweka jicho. Ee Mounira, ni maumbo! Duara nyekundu, nyingi, zimejaa, na wewe unatafuta moja yenye kitu kidogo ndani yake, kama pete yenye kito. Nikafurahi. Nikasema hii naijua. Nikapita mbio, nikafuta, nikafuta, nikaandika "Hakuna", kisha nikainua mukono kabla ya wote.

Alikuja, akaangalia karatasi yangu. Akauliza, "Umeangalia sehemu ngapi?"

Nikasema, "Nyingi."

Akasema, "Ngapi?"

Sikujua.

Akasema, "Mama Faida, mutihani ulikwisha Mei. Hapa hakuna mutu anayekusanya karatasi. Kabla ya kusema hakuna, unaangalia sehemu mia moja, moja moja. Mutoto mwenye damu hii anangoja. Anza tena."

Wengine walicheka, na mimi nilicheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Nikaanza tena. Safari hii polepole, kama navyojua mimi kukaa. Nilihesabu kwa kidole juu ya meza. Jirani zangu walimaliza, wakaenda kunywa chai. Shingo ikaniuma. Nilipita nusu, nikaendelea, jua likahama kutoka kwenye dirisha moja kwenda kwenye lingine. Karibu na mwisho, pembeni kabisa, niliiona: pete ndogo, ya zambarau, ndani ya duara moja tu.

Sikuita mutu. Nilichukua kreyo, nikafuta lile neno la kwanza, nikaandika: iko.

Ni mimi shangazi yako,
Faida